Mwalimu Hamdiya Zahor na Mihogo ya Getini

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Hamdiya Zahor anastaafu baada ya kuwafundisha Uraia watoto wa Vingunguti kwa miaka thelathini na mbili. Kamati ya shule imenipa mie, Talha mlinzi wa getini, niandike wasifu huu, na kwa hilo imeonyesha busara. Nina darasa la saba tu, lakini nimefika Muscat na Durban, na kote huko sijaona mwalimu wa kumfikia, wala mlinzi wa kunifikia.

Wakaguzi waliwahi kuandika kwamba hana ukali. Kweli, hana. Ila vijana wa machinjioni aliowafundisha bado wanaficha sigara wakimwona.

Kubwa lake lakini ni mihogo. Mama Vaileth, mjane kutoka Njombe, alikuwa akikaanga mihogo getini, na ndiyo iliyomsomesha mwanawe hapa. Ghafla mtaa mzima ukajua anakaangia mafuta ya nguruwe. Sie watu wa pwani, waungwana tusiobagua mtu, tukaitisha kikao cha wazazi ili tumfukuze kwa heshima.

Mwalimu hakuhutubia. Aliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: waulizeni wanaosema, nani kawaambia, na nani kaona. Siku ya kikao tukakuta majibu yamechorwa ubaoni kama mti, majina yetu ndiyo majani. Kila mtu kaambiwa, hakuna aliyeona. Kwenye mzizi lilikaa jina moja: Bwana Suhaib, mwenyekiti wa kikao chenyewe, ambaye mkewe, Bi Zubeda, alikuwa anauza mihogo ng'ambo ya barabara na wateja wamemkimbia.

"Shikamoo mwenyekiti," Mwalimu akasema. "Wewe nani alikuambia?"

Mwenyekiti akaomba maji.

Hapo waungwana tukageuka: basi afukuzwe yeye na mkewe, tena leo leo! Mwalimu akachukua dasta, akalifuta lile jina. "Naona somo hamjalielewa. Tuanze upya." Tukasoma hadi adhuhuri, watu wazima na vitambi vyetu, tumebanwa kwenye madawati ya darasa la pili.

Leo Mama Vaileth na Bi Zubeda wanauza meza moja, wanagombania pilipili tu. Chakula cha sherehe hii ya kumuaga Mwalimu ni chao. Mwenyekiti kawahi foleni.

Ahsante, Mwalimu. Mungu akupe uzee wenye afya na wajukuu wasikivu. Na ukisikia mtaani kwamba Talha alilia siku ya kukuaga, tafadhali, uliza kwanza nani kaona.