Maziwa Unywe, Ng'ombe Si Wako

Leo, tarehe 31 Machi 1914, Mzee Yotham Sila anastaafu ukalimani baada ya kulitumikia boma letu hapa Ugogo kwa miaka kumi na tisa. Bwana Mkubwa amekunywa chai yake, ametoa mkono, ameondoka. Tumebaki makarani wenyewe, basi nami niliyepewa kazi ya kumsifu nitamsifu bila kuchuja maneno.

Alizaliwa karibu na Chamwino, akasoma kwa wamisionari, akaajiriwa kukigeuza Kiswahili cha mabwana kuwa Kigogo. Alikuwa hodari. Bwana akikohoa barazani, wazee walimtazama Yotham wajue kikohozi kimesema nini. Mabwana watano wa Kizungu amewakalimania, na hakuna aliyefika bila maneno matamu.

Matumizi yao ndiyo yaliyotuumiza. Huyu alitaka nyumba ya bati yenye baraza pana, yule gwaride la sikukuu, na boma likawa linaingiza kikapu na kutumia gunia. Kasha la fedha likikauka, dawa ilikuwa ile ile: kodi ya nyongeza, na asiye na rupia atoe ng'ombe. Kila mara Yotham aliagizwa awaambie watu kwamba hii ndiyo ya mwisho. Aliwaambia. Mwaka uliofuata aliwaambia tena, na watu wale wale walimsikiliza.

Mwaka juzi nyongeza ilifika Hombolo, kwa rafiki yake Matonya. Sote tunajua desturi yetu: ng'ombe wako unamwekea mwenzako zizini, yeye anywe maziwa, lakini hachinji wala hauzi. Yotham alikuwa amegeuza mshahara wake wote kuwa ng'ombe, akamwekea Matonya, ili yeye mwenyewe awe na cha kula uzeeni. Askari wakawaswaga hao hao. Angetamka tu kwamba ni wake, wangerudishwa, na askari wangefidia kwa ng'ombe wa Matonya, ambao watoto wa Matonya waliishi kwa maziwa yao. Yotham akanyamaza. Nilikuwapo. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizeeka mchana kweupe namna ile.

Aliporudi bomani akaomba, kwa mara ya kwanza, kusema maneno yake mwenyewe. Akasema kwamba mali ya serikali ni ng'ombe wa kutunziwa, na wenyewe ni walipaji wa kodi. Iwekwe sheria iliyo juu ya bwana yeyote, inayomfunga Gavana mwenyewe: serikali isitumie kuliko inavyoingiza. Ahadi haitoshi, maana ahadi hupanda meli pamoja na aliyeitoa, na deni hubaki Hombolo. Tena mlaji akiwa siye mlipaji, hashibi. Bwana akacheka, akasema serikali iliyofungwa kamba haiwezi kutembea. Yotham akajibu kwamba ng'ombe wa Hombolo walifungwa kamba, na walitembea mpaka stesheni ya Dodoma.

Kwa jibu hilo alikatwa mshahara. Sheria haikuja.

Shaaban wa ghalani, mtu wa Kondoa asiyekubali jambo kirahisi, aliwahi kumbana: ikija njaa je, watu wafe ili hesabu ikae sawa? Kesho yake Yotham alimrudia. Ng'ombe wa kutunziwa akivunjika mguu, alisema, unamchinja, lakini unampelekea mwenyewe ngozi na kumweleza. Basi serikali ikizidisha kwa ajili ya njaa, iwaite walipaji, iwaonyeshe ngozi. Shaaban aliinua mikono, akakubali. Mpaka leo hakuna aliyeletewa ngozi.

Mama Dorkasi, mkewe, ametuambia kwamba nyumbani hawana hata mbuzi. Kwa hiyo tumechanga, tumenunua mtamba mmoja, bila kukopa kwa mtu, maana tungekopa asingempokea. Yupo nje, mweusi mwenye baka kifuani, amefungwa kwenye mwembe mdogo.

Mzee Yotham, asante kwa kutufundisha kazi, na asante zaidi kwa kimya chako cha Hombolo. Maisha yako yaliyobaki yawe na maziwa na usingizi. Ila huyu mtamba usimpeleke kwa Matonya. Amri ya nyongeza nyingine imefika asubuhi hii. Kesho tunaanzia Hombolo, na mkalimani ni mimi. Nimeshaagizwa niwaambie kwamba hii ndiyo ya mwisho.