Mama Ariel, Aliyeongoza Watu wa Mbali kwa Simu

Baba Padri, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka Beni, Mbau na Eringeti, jamaa imenituma niwasomee njia ya maisha ya dada yetu Kavugho Anne-Marie, ambaye wengi mumezoea kumuita Mama Ariel.

Alizaliwa Musienene, tarehe 14 Machi 1982, binti ya marehemu Papa Kasonia na Mama Kahongya, wakulima wa maharagwe na viazi, akasoma shule ya msingi pale pale, kisha sekondari hapa Butembo, ambako alipata diplôme d'État ya pédagogie, yaani ya ualimu, mwaka 2000.

Alifundisha miaka mitatu, halafu mwaka 2003 akaingia katika koperative yetu ya wakulima wa kakao kama sekretere, na tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa takatifu na Mathe Zacharie, Papa Ariel, aliyeketi hapa mbele, Mungu akawapa watoto wawili, Ariel mwaka 2007 na Bénite mwaka 2011.

Mwaka 2018 alipewa kusimamia timu za wanunuzi wa kakao za Beni, Mbau na Eringeti, lakini kwa ajili ya vita barabara ikawa haipitiki, bureau ya koperative ikamkataza kusafiri, basi akawaongoza kutoka sebuleni kwake, kwa simu. Mwanzo ulikuwa mgumu, alituma maagizo marefu kwa Kifaransa, kila mmoja akaelewa lake, gari la kubeba kakao likapanda Eringeti huku watu wa Mbau wakilingojea na kakao yao ikinyeshewa, wakatukanana kwenye groupe ya timu, katika simu. Toka hapo akabadili, kila Jumatatu aliwapigia, akauliza habari za nyumbani kabla ya habari za kazi, mwenye réseau mbaya, ambaye simu yake hukatika-katika, akasema wa kwanza, na kila mmoja akarudilia kwa Kiswahili chake kile alichosikia.

Mwezi wa Novemba 2021 Gamaliel, mnunuzi wa Eringeti, alinyamaza, simu haikupita, na Sadrack wa Mbau akaandika mbele ya wote kwamba mwenzake amekimbia na kakao ya watu. Wakubwa walitaka kumfukuza. Mama Ariel, ambaye kwa desturi hakubishana na wakubwa, aliwajibu, "Hapana, directeur, mutu akinyamaza tunamutafuta kwanza, ya kumufukuza tutaona nyuma." Alipiga simu kwa wachuuzi, kwa wakatekista, kwa watu wa moto, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, mpaka mama mmoja wa soko la Oicha akamwambia kwamba kijiji cha Gamaliel kilishambuliwa, naye analala katika darasa la shule pamoja na mke na watoto, bila simu. Alimuomba mama yule ampe Gamaliel simu yake, akamuunganisha na Sadrack, kisha yeye mwenyewe akanyamaza ili waongee. Sadrack alisema, "Ndugu yangu, nilikosa, leta batoto kwetu," na jamaa ile ilikaa kwake miezi mingi.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2023, akaendelea kuongoza mkutano wa Jumatatu kutoka kitandani, mpaka Februari mwaka huu alipomuachia Sadrack kazi ile, naye akabaki kusikiliza tu. Alituaga hospitalini, hapa Butembo, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, asubuhi. Papa Ariel alirudi nyumbani, akatia simu ya mke wake kwenye umeme kama kila siku, akakaa karibu nayo.

Jamaa inashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliomtunza, majirani waliopika na kukesha nasi, wakubwa wa koperative, na zaidi ninyi wa timu, mliopita barabara ile tunayoijua wote. Jana Gamaliel alifika kwenye kipango, pale matangani, na simu yake ya kubonyeza mkononi, hakuwa amewahi kumuona Mama Ariel kwa macho, na alipoingia kati ya wamama waliokaa karibu na sanduku la marehemu akatuuliza kwa sauti ndogo, "Mama Ariel ni yupi?" Tulimushika mkono, tukamuonyesha dada yetu ndani ya sanduku.

Dada, lala na amani ya Mungu.