Nuksi Haivuki Maji

Kwenye kivuko cha Cao Lãnh, mzee mmoja aliweka tenga la vifaranga wa bata karibu na miguu yangu.

"Unawapeleka wapi, mzee?" akauliza mwanamke aliyesimama kando.

"Kwa mdogo wangu Lượm, ng'ambo. Wenzao wamekufa wote. Niliwanunua mwezi mosi, siku ambayo kwetu hata kula nyama ya bata ni nuksi. Lakini nuksi haivuki maji."

"Walikufa vichwa vimepinda mgongoni?"

"Kama wanaohesabu nyota."

"Basi ni virusi vya homa ya ini ya bata! Vinaingia kwenye ini, ini linavuja damu, kifaranga anakufa akipiga mateke. Na vinatoka na kinyesi. Mfereji wa Lượm ndio wangu, mzee, na bata wangu wametotolewa juzi!"

"Virusi umeviona kwa macho, dada?"

"Na wewe nuksi umeiona?"

"Nimeioa."

Abiria wakacheka. Mwanamke hakucheka. Kivuko kilipogusa ukingo, aliruka wa kwanza akakimbilia kwake kuwafungia bata wake. Mzee akanigeukia kwa upole, akaniomba nimshikie tenga upande mmoja. Mimi mtu akiniomba kwa upole siwezi kukataa. Nikashika, tukashuka.