Mgonjwa wa Thelathini na Nane

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mpimaji wa damu aliyetutoka wiki iliyopita. Wenzake wa maabara walimwita Mama Tone, maana hakukubali hata tone moja lipotee bure.

Kazi yake ilikuwa kupima madini machache mno yanayobebwa na protini za damu: shaba, chuma, zinki. Ni machache, lakini yakipungua, kidonda hakifungi na mtoto hakui. "Ukipiga chafya karibu na mashine, utakuwa umepima chafya," aliwaambia wageni wa kazi, wala hakuwa anatania.

Siku moja vikaletwa vichupa vipya vya damu. Kwa miezi mitatu zinki ya kila mgonjwa ikasomeka nzuri, hata ya wale ambao ukiwatazama tu unajua hali si hali. Moyo wake ukakataa. Akajaza kichupa maji safi, akayapima. Maji nayo yakawa na zinki. Ilikuwa inatoka kwenye vifuniko vya mpira.

Wasikilizaji, wagonjwa thelathini na wanane walikuwa wameshaambiwa wako salama. Thelathini na wanane, na kila karatasi ya majibu ina sahihi yake.

Mkuu wake akamshauri anyamaze, vichupa vibadilishwe kimyakimya. Mama Tone akamjibu, "Sahihi ni yangu, na miguu ya kuwafuata ninayo." Akapiga hodi nyumba kwa nyumba, akaomba radhi, akatoa damu upya. Aliwapata thelathini na saba. Wanne walikuwa na upungufu, wakatibiwa.

Wa thelathini na nane hakumpata. Alikuwa mtoto mchanga wa kike mwenye vidonda mdomoni. Mama yake alishahama chumba alichopanga, bila kuacha anwani.

"Tunakula, mara anauliza, sijui yule mtoto ameweza kula leo," anasimulia binti wa Mama Tone. "Nikamwambia, mama, mwachie Mungu. Akasema, Mungu hakutia sahihi ile karatasi."

Karatasi hiyo aliihifadhi mkobani miaka sita, hadi alipofariki.

Kwa familia, poleni sana, tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, kila mmoja akumbuke alipoweka sahihi yake.

Nawe mama uliyekuwa ukiishi chumba cha nyuma, kwa fundi viatu, binti yako sasa anakaribia miaka saba. Jibu ulilopewa halikuwa la kweli. Mpeleke akapimwe tena. Mama Tone anakuomba radhi.