Skolastika Leodgar Bigirwa, Aliyeandika Maji Yalivyoingia Kibirizi

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni mdogo wangu. Mimi ni Dismasi, kaka yake. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitasoma yaliyoandikwa.

Marehemu Skolastika alizaliwa Kibirizi, Kigoma, tarehe 10 Februari 2002, siku ya mtakatifu somo wake, kwa hiyo baba hakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Leodgar Bigirwa, fundi mitumbwi, na Mama Melania, anayeuza dagaa mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kibirizi, akamaliza mwaka 2015. Kidato cha nne alimaliza Kigoma mwaka 2019, na cha sita Tabora mwaka 2022. Shule zote hizo alikosa masomo mara kwa mara kwa sababu ya sikoseli, ugonjwa aliogunduliwa nao akiwa mdogo. Mwaka huohuo wa 2022 alijiunga na chuo kidogo cha sanaa na sayansi hapa mjini. Ni chuo ambacho mtu asipoonekana darasani, mpaka mpishi anauliza yuko wapi.

Aprili 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumbani kwetu. Tulihamia Buzebazeba. Mwaka wa mwisho Skolastika akachagua kufanya utafiti juu ya familia zilizohamishwa na maji, na papo hapo akaanza kuandika tamthilia juu ya jambo hilohilo. Msimamizi wake, Mwalimu Hamdani, alimwambia achague moja, afya yake haitaweza zote mbili.

Skolastika akamjibu, "Mwalimu, kwenye utafiti nitaandika nyumba zilizoingia maji. Mama yangu nimwandike wapi?"

Mwalimu akamwacha aandike zote.

Tamthilia ilioneshwa chuoni Ijumaa tarehe 23 Mei 2025, siku ya kazi za wanafunzi. Wiki hiyo alikuwa ametoka kulazwa, na daktari alimtaka abaki kitandani. Alikwenda, akakaa kwenye kiti pembeni ya jukwaa, amevaa sweta na jua likiwaka. Ilipofika sehemu ambayo maji yanaingia, binti aliyeigiza kama mama alipiga yowe, akaanguka chini, akalia. Mama yetu akasimama katikati ya wageni.

"Jamani, mimi sikulia siku ile. Nilikuwa natafuta sufuria."

Watu walicheka. Skolastika hakucheka. Alimwambia, "Mama, basi njoo utuoneshe."

Mama alipanda jukwaani. Akakunja kanga mpaka magotini, akawa anatembea polepole, anapapasa sakafu kwa nyayo kama mtu aliye ndani ya maji machafu, anainama, anaokota, anaweka kichwani. Jioni ile Skolastika alifuta sehemu yote ya kilio, akaiandika upya.

Marehemu hakuwa ameolewa. Castory, mwanafunzi mwenzake, alikuja kujitambulisha nyumbani mwezi Juni. Alipoulizwa na baba kama anajua hali ya afya ya Skolastika, alijibu, "Najua, Mzee. Mimi ndiye humpeleka kliniki." Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana wakutane Septemba.

Tarehe 9 Agosti alishikwa na maumivu makali ya mifupa, akalazwa. Baadaye kifua kikabana. Utafiti wake ulikuwa umebakiza marekebisho, na hakutaka ukae. Castory alikuwa akimsomea, yeye anasema pa kurekebisha. Nilikuwepo Jumamosi jioni walipofika ukurasa wa mwisho.

"Hiyo sentensi ya mwisho ifute," alisema.

"Niandike nini badala yake?"

"Usiandike kitu. Inatosha."

Mama akamwekea mkono kwenye paji la uso, akamwita mwanangu kwa Kiha, "Mwana wanje, lala." Akalala. Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, asubuhi, alifariki. Mimi nilikuwa nimetoka kununua uji. Nilirudi nao.

Chuo kimetujulisha kwamba utafiti umepokelewa, na kwamba shahada yake atakabidhiwa mama, Novemba.

Marehemu ameacha baba, Mzee Leodgar, mama, Melania, bibi yetu, Regina, mimi kaka yake, na mdogo wetu, Happiness. Tulipokuwa tukiandika majina haya hatukujua Castory tumwite nani. Mchumba, wengine walisema bado. Mkwe, bado. Rafiki, baba alikataa. Mwishowe mama aliyekuwa amelala mkekani akageuka, akasema, "Mwandikeni mtoto wangu."

Ameacha pia Castory, mtoto wa Melania.

Mungu ampokee Skolastika, ampumzishe mahali pasipo maumivu. Amina.