Zabron Mbonile na Kompyuta Sita Zilizofunikwa Vitambaa

Morogoro, 12 Desemba 2015. Ni miaka kumi na saba na miezi minne tangu nihame Tunduma, barabara ilipopanuliwa na nyumba yangu ikawa maegesho ya malori. Uongozi umeniomba niandike habari za Mzee Zabron Mbonile katika jarida hili la wafanyakazi kwa sababu mimi ndiye niliyempokea kazini. Nadhani pia hakuna aliyebaki hapo anayemkumbuka kabla hajaanza kuvaa miwani.

Mzee Mbonile anastaafu tarehe 31 Desemba, baada ya miaka ishirini na minane katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapo Tunduma, mpakani na Zambia. Aliripoti Agosti 1987, akitokea kwao Isansa, kwenye kahawa, na cheti cha kupiga taipu maneno arobaini kwa dakika. Alipiga arobaini. Hakuwahi kupiga arobaini na moja, hata malori yalipojipanga hadi nje ya mji na madereva wa Zambia wakawa wanamwita dirishani, “Bashikulu, tusaidie mukwai!”, yaani babu, tusaidie tafadhali. Hati zake hazikurudishwa na forodha hata mara moja, na za wenye haraka zilirudishwa kila wiki.

Taipureta zikaondoka, zikaja kompyuta. Mwaka 2006 flashi moja ya mteja ilileta virusi vilivyokula hati za wiki nzima, huku malori arobaini yakisubiri. Wakati huo nilikuwa najalidi vitabu katika maktaba ya chuo hapa Morogoro, na nilikuwa nimeona wanafunzi wakitumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure. Nilimtumia CD yake kwa basi, katika bahasha ya kaki. Aliweka mfumo huo kwenye kompyuta zote sita mahali pa Windows, kisha akaniandikia barua pepe yenye neno moja: “Zimewaka.”

Baada ya hapo hakutulia. Katika kivinjari cha Firefox aliweka kijiprogramu kinachoendeleza kupakua faili pale mtandao ulipokatikia, kwa sababu mtandao wa Tunduma hukatika kama wenye kununa. Kingine kilihifadhi ukurasa mzima ili usomwe hata mtandao usipokuwepo, na ndiyo maana viwango vya ushuru vilisomeka kwenu siku ambazo mpaka mzima haukuwa na mtandao. Aliweka programu ya kuandikia hati, OpenOffice, ambayo baadaye ilirithiwa na LibreOffice, akaielekeza ihifadhi kila hati kwa namna inayofunguka hata kwenye kompyuta za majirani wenye Windows. Juu kwenye kioo cha kila kompyuta aliweka saa mbili, ya Tunduma na ya Nakonde ng'ambo ya mpaka, iliyo nyuma yetu kwa saa moja. Kabla ya hapo ofisi ilikuwa inawahi kwa Wazambia saa nzima na kuwalaumu wao kwa kuchelewa.

Shukrani zilikuja haraka. Mwaka 2008 wafanyakazi waliandika barua, wakaisaini wote, wakitaka Windows irudishwe. Mkuu wa shughuli, Ndugu Habibu, aliikabidhi mwenyewe. “Mzee wangu, hii yako haina hata pa kubonyeza Start. Tunafanya kazi kama tumefungwa kitambaa machoni.”

Mzee Mbonile hakubisha. Aliomba Jumamosi moja. Jumatatu walikuta kwenye vioo sura ya Windows: vilima vya kijani na mstari wa buluu chini, na kwenye kona, Start. Habibu alizunguka meza zote sita akiwa na chai yake. “Mnaona? Mashine zimekuwa nyepesi! Kumbe ni ubishi wa mzee tu.”

Zilikuwa nyepesi kama zilivyokuwa Ijumaa. Mzee Mbonile alibadilisha picha, rangi na majina machache. Ndani hakugusa kitu; ilibaki Linux ile ile.

Kwa hiyo virusi viliendelea kutoingia, na jambo hilo lilihitaji maelezo. Dada Bushra wa mapokezi alikuwa amefuma vitambaa vya kufunikia kompyuta zisiingie vumbi. Habibu akatangaza kwamba usafi ndio siri, na ofisi za jirani zikaamini. Wakala mmoja alikuja akiwa na uzi wake mkononi: “Dada, nifumie kama hivyo hivyo, usibadilishe hata ua.” Bushra alimfumia, bila kucheka. Yeye alikuwa ameshaigundua hila ya mzee mwaka 2010, na kama bei ya kutunza siri alidai afundishwe kila kitu. Alifundishwa. Mashine mlizodhani zinatengenezwa na mzee, kwa miaka mitatu sasa zinatengenezwa na yeye wakati mkila chakula cha mchana.

Nayasema haya kwa ruhusa. Nilipomwomba Mzee Mbonile aseme mwenyewe, alijibu: “Sema wewe, uko mbali.”

Ni lazima yasemwe, kwa sababu nimesoma tangazo la uongozi. Jumatatu ya tarehe 4 Januari, kama zawadi ya kumuenzi mstaafu, fundi atakuja kufuta Windows ya zamani na kuweka mpya. Hakuna Windows ya zamani. Atakachofuta ni kila hati iliyopita hapo tangu 2006, mifano yote ya fomu, na kurasa zote zilizohifadhiwa. Halafu mtabaki na vitambaa.

Ndugu Habibu, msimamishe huyo fundi. Kisha mwite Dada Bushra, umpe meza ya mzee, na hiyo ndiyo itakuwa zawadi. Usione aibu. Umesifu Linux kwa miaka saba bila kulipwa, na wachache wanaweza kusema hivyo.

Kwako Zabron: tunakushukuru kwa kila hati ambayo haikurudi, na kwa kutuacha tushinde ubishi ambao wewe ulikuwa umeshaumaliza. Kahawa yako ya Isansa istawi, magoti yakubali mteremko, na simu yako ilie kwa habari za wajukuu tu.

Uongozi umeniuliza kama ningeweza kuja kushika kiti chake kwa miezi sita, hadi mambo yatulie. Nimeushukuru. Bushra yupo. Mzee Mbonile harudi, na mimi sitarudi.