Upande wa Juu wa Turubai

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali ya saruji, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi inayokwenda gereji. Juu yake kuna turubai la buluu lililofungwa kwenye vyuma vinne. Chini ya turubai kuna jiko la mkaa, birika kubwa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, na mwanamke ambaye wateja humwita Dada Birika kwa kuwa hajawahi kuwaambia jina jingine. Asubuhi hiyo wateja wa kwanza walikuwa wale wale wa siku zote. Profesa ni fundi viatu anayesoma kila gazeti linalomfikia, hata lile lililofungiwa misumari. Kamanda ni mlinzi wa usiku; akitoka lindo hupita kijiweni kwanza ndipo aende kulala, na mkewe alishachoka kusema. Watu hawa wangeweza kubishana na ukuta mpaka ukuta ukaomba radhi. Wa tatu wao, Antena, fundi simu, alifika anahema.

— Jamani, tumeonekana!

— Na nani? aliuliza Kamanda, akageuka nyuma haraka.

— Na dunia nzima! Ile ramani ya kwenye simu. Si mnakumbuka mji wetu ulivyokuwa? Unakuza, unakuza, unaona uji mtupu. Sasa wameweka picha mpya za setilaiti. Unaona mpaka bati lililotoboka!

Dada Birika alikuwa anamimina. Kahawa ikapita ukingo wa kikombe, ikammwagikia vidoleni, naye hata hakushtuka.

— Walianza na miji mikubwa, alisema Profesa, akaweka kiatu cha mtu chini ili mikono iwe huru kwa mazungumzo. Wakaja kwenye miji ya kati. Leo wametufikia sisi tuliosahaulika. Mtu akikukumbuka ghafla hivyo, ujue una kitu anachokitaka.

— Wewe una nini cha kutakiwa, Profesa? Sindano na gundi?

— Nina kichwa.

— Basi hao watarudi mikono mitupu.

— Chekeni tu, alisema Kamanda. Mimi nimeambiwa inaona mpaka ndani. Bati kwake ni kama chandarua. Inakuhesabia masufuria.

— Bati ni bati, Kamanda.

— Sikiliza. Juzi bosi kaniuliza, “Jana usiku ulilala?” Kajuaje?

— Kwa sababu ulilala!

— Nililala ndani ya kibanda! Mlango nimefunga, taa nimezima! Kajuaje, kama si setilaiti?

— Kwa mkoromo wako, ambao hata mimi naupata kwangu.

Siku nyingine Dada Birika angecheka hapo. Alikuwa na kicheko kifupi cha puani ambacho wale wanaume walikuwa wakigombea kukitoa, kila mmoja kwa vituko vyake. Leo aliwageuzia mgongo, akawa anapepea mkaa uliokwisha kushika vizuri.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa. Kabla ya kukubali mzigo wa kwenda mji asioujua, alikuwa akifungua ramani ile ile kwenye simu, akiangalia kutoka juu kama uani kwa mteja pana nafasi ya kugeuzia lori. Usiku kucha alikuwa akikaa hivyo, anapitisha kidole juu ya paa za watu. Mji huu mmoja alikuwa akiutukana kila akiufikia, kwa sababu haukuonyesha chochote ila ukungu, na mizigo ya huku aliikataa. Mkewe alikuwa akisikia kutoka jikoni. Siku ile mumewe alipomvunja mfupa wa bega na kumwambia kwamba akiondoka atampata hata akiingia kaburini, mke alijua ni wapi pa kwenda. Alikuja kwenye ukungu.

— Na joto, je? Profesa alikuwa ameendelea. Nimesoma mahali. Inapima joto la mwili. Mwongo ana joto lake, mwenye hofu ana joto lake. Wakikutaka hawahangaiki kukuuliza jina. Wanakutafuta kwa joto, hata ujifukie ardhini.

— Nilisema mimi! Nilisema! alidakia Kamanda.

— Inaonyesha watu? aliuliza Dada Birika.

Wote watatu walimtazama. Haikuwa kawaida yake kuingia kwenye mabishano.

— Mtu anaonekana kama nukta tu, dada, alisema Antena. Sura hamna. Hawa wanakutia hofu ya bure. Ngoja nikuonyeshe, hutaogopa tena. Haya, ile pale gereji. Hili paa la duka. Na hapa... hapa ndipo tulipo! Si hili turubai letu!

Waligonganisha vichwa juu ya simu. Antena akatanua picha kwa vidole viwili.

— Mbona lina maandishi? aliuliza.

— Maandishi gani? Mimi nakaa chini yake kila siku, halina kitu.

Waliinua macho. Kwa chini turubai hilo la buluu lilikuwa la kijivu, safi, halina hata alama. Wakarudi kwenye simu, na Profesa, ambaye kusoma ndiyo fahari yake, akasoma kwa sauti.

— MALI YA JABALI. Lo! Herufi kubwa kama milango! Huyu Jabali ni nani, Dada Birika?

Dada Birika alikuwa amelichukua turubai hilo alfajiri aliyoondoka, kwa sababu lilikuwa limekunjwa karibu na mlango na kwa sababu alihitaji kitu cha kujifunika. Jabali ndiyo lakabu ya barabarani ya mumewe, na maandishi yale aliyapaka mwenyewe kwa rangi nyeupe ili wezi wa vituoni waogope. Alipofika hapa na kutaka kivuli cha kuuzia kahawa, alifikiri sana. Akaligeuza. Maandishi akayaelekeza juu ili binadamu yeyote apitaye asiyasome. Alijiona mjanja siku hiyo. Hakujua kama huko juu nako kuna msomaji.

— Ni mume wangu, alisema. Nilimkimbia. Alisema akinipata ataniua, na yeye si mtu wa kutania.

Kamanda alivua kofia yake ya kazi, akaivaa tena.

— Literemsheni, tafadhali. Jamani, nawaomba. Literemsheni sasa hivi.

Waliinuka wote. Kamanda alipanda juu ya ubao, Antena akakwea chuma kama anayeiba mafenesi, na Profesa akakata kamba kwa kisu chake cha ngozi. Turubai likaanguka na vumbi lake lote. Walilikunja, maandishi yakawa ndani, Kamanda akalikalia na kulifunika kwa koti lake la lindo. Jua likawapiga usoni. Dada Birika alisimama kati ya vyuma vinne vitupu, akashusha pumzi.

— Kwisha kazi, alisema Profesa. Sasa atatazama wapi?

— Hebu fungua tena tuhakikishe, alisema Kamanda.

Antena alifunga ramani, akaifungua upya.

— Bado lipo.

— Lipo vipi, na mimi nimelikalia?

— Lipo, Kamanda! Tazama mwenyewe. MALI YA JABALI.

— Labda mtandao unavuta pole pole, alisema Profesa. Habari haijafika juu. Ipe dakika.

Walisubiri. Antena alizima simu kabisa, akaiwasha. Aliinyanyua juu ya kichwa kuitafutia mtandao. Kamanda alitazama mbinguni, akapunga mkono mara mbili, halafu akachungulia simu kuona kama ile nukta iliyo karibu na ubao nayo imepunga. Nukta ilikuwa imetulia tu.

— Hiyo si baiskeli yangu? aliuliza ghafla.

— Ipi?

— Hiyo hapo ukutani! Ina boksi jekundu nyuma! Ni yangu hiyo!

— Baiskeli yako si iliibiwa kabla ya mvua?

— Iliibiwa, ndiyo! Lakini hapo ipo!

Walitazama ukutani. Palikuwa na ukuta tu. Profesa alifungua mdomo atoe nadharia, kisha akaufunga, kwa kuwa nadharia aliyoifikia hakuipenda.

— Kwa hiyo hii si ya leo, alisema Antena taratibu. Ni ya zamani. Walipiga wakapita. Tushushe, tusishushe, huko juu halishuki.

— Linafutwaje? aliuliza Dada Birika.

— Sijui, dada.

— Mwombe mwenye ramani.

— Ningemjua, ningemwomba.

— Ziliwekwa lini, hizo picha?

— Mimi nimeziona jana. Lakini zimewekwa lini... Antena alijikuna shingo. Labda jana. Labda mwezi uliopita. Mimi sina kawaida ya kuangalia kwetu. Napajua.

Hapo hofu ya Dada Birika ilibadilika. Mpaka dakika ile alikuwa akiogopa kwamba mumewe ataona. Sasa akilini alimwona amelala kitandani kwake, kidole kinapita juu ya paa, kinafika mji huu na kusimama, kwa mshangao kwamba ukungu umeondoka. Ameuona lini? Ilikuwa usiku gani, na yeye huku akichemsha kahawa bila habari? Alitaka kukimbia, akaona kila njia anayoijua iko mle kwenye simu ya Antena, nyembamba na safi, na kona zake zote.

— Utalala kwetu leo, alisema Kamanda. Mke wangu hana neno.

— Habari zenu, wazee.

Mtu alikuwa amefika kutoka upande wa gereji bila wao kumwona. Shati safi, viatu vya dereva vilivyolika kisigino cha kulia, simu mkononi. Dada Birika alimtazama mara moja akajua si Jabali, na hofu haikupungua hata kidogo. Jabali ana marafiki kila kituo cha mafuta.

— Nzuri, alijibu Profesa, peke yake.

— Dada, nipe kahawa moja. Mgeni alitazama vyuma vinne, akatazama simu, akatazama vyuma tena. Akasema kwa sauti ya upole kabisa: Samahani, wazee wangu. Hapa si palikuwa na turubai la buluu? Limekwenda wapi?

Profesa, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepima joto la waongo kutoka angani, aliinamia kiatu cha mtu na kutafuta tundu la sindano. Antena alitia simu mfukoni. Kamanda alikuwa ameishika mikunjo ya koti kwa mikono miwili.

— Kahawa imekwisha, kaka, alisema Dada Birika. Birika lilikuwa zito mkononi mwake, na mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwa birika.

Mgeni aliutazama mvuke ule. Akatabasamu.

— Si neno, dada. Nitasubiri ichemke nyingine.

Akakaa mwisho wa ubao. Profesa alikuwa na viatu vya watu vinavyosubiri, Antena alikuwa hajafungua duka, na Kamanda alikuwa hajafumba jicho tangu jana. Hakuna aliyeinuka.